Upeo Ulioinama

Mwenyekiti wa klabu ya ndege ya Gorna Lipa, huko Bulgaria, hakutafuna maneno. "Mzee Stamen, dashibodi yako imechoka. Ifanye upya, la sivyo hiyo ndege haipai tena."

Stamen alikuwa mjane wa miaka sabini na kitu, na hakuwa na kingine cha kumwamsha asubuhi ila ile ndege kuukuu ya viti vinne. Binti yake Rayna alilijua hilo vizuri mno. Alikuwa fundi wa vyombo vya ndege huko Plovdiv, basi akaomba likizo, akapakia zana garini, akaja. Baba yake asingekalishwa chini kama gunia la viazi wakati yeye ana mikono.

Alipobandua bati la dashibodi alikuta nyaya zimekauka zinakatika zenyewe, na kiota cha panya juu yake. Akazing'oa zote, akapitisha mpya, akazifunga kwa uzi, fundo kwa fundo, jinsi baba yake alivyomfundisha utotoni. Bati akalipiga msasa na kulipaka rangi ya kijivu. Geji nyingi zilisafishika zikapona. Kilichomshinda ni chombo cha upeo, kile kinachomwonyesha rubani ndege imelalia upande gani akiwa ndani ya wingu na haoni kitu. Kilikuwa cha mtindo wa zamani, cha mashariki, cha enzi za Wasovieti: mstari wa upeo wa macho hautikisiki, kindege kidogo ndicho kinachoinama. Vipuri vyake havipatikani tena. Rayna akafunga kipya cha magharibi, ambacho kindege kimetulia na mstari ndio unaoinama.

Stamen aliingia akakitazama. "Sasa huyu kindege mbona amekufa ganzi?"

"Ndivyo alivyo, baba. Siku hizi dunia ndiyo inayoinama."

"Aa! Maisha yangu yote dunia imetulia, umekuja wewe umeipindua."

"Utazoea?"

Mzee alimwangalia binti yake, vidole vimechubuka, macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Nimeshazoea," akasema. Ulikuwa uongo, na alimdanganya kwa sababu anampenda.

Ilikuwa mwanzo wa Machi. Rayna alimfunga baba yake mkononi uzi mwekundu na mweupe, kama kila mtu anavyofungwa siku hizo, uvaliwe kwa bahati mpaka mti wa kwanza uchanue, kisha ufungwe kwenye tawi lake. Stamen akaufungua akaufunga kwenye usukani wa ndege. "Huyu ndiye anayehitaji bahati," akasema, wakapaa kwenda kuijaribu.

Juu ya milima wingu liliwashukia ghafla. Vioo vyote vikawa vyeupe. Rayna hakuogopa hata kidogo. Alizijua nyaya zile moja moja. Kisha ndege ikaanza kulalia kushoto, na kwenye chombo mstari ukashuka upande wa kulia. Stamen aliuona mstari ule akausoma kama alivyozoea kusoma mabawa ya kindege, akadhani bawa la kulia ndilo lililoshuka. Akavuta usukani kushoto.

"Kulia, baba!"

"Si ndiyo naitoa huko kulia!"

"Baba, kulia! Unatuangusha!"

Kadiri ndege ilivyozidi kulala ndivyo alivyozidi kuvuta kushoto, uso umekakamaa, ana uhakika wote wa mtu aliyeruka maisha yake yote. Rayna akaukamata usukani wa upande wake kwa mikono miwili, akashindana na baba yake mzazi, akamshinda. Walichomoka chini ya wingu, mizabibu ikiwa karibu kiasi cha kuhesabu nguzo zake.

Rayna alimrudishia usukani, na Stamen akatua vizuri, kama kawaida yake. Akazima injini.

"Chombo kilikuwa na kasoro?" akauliza.

Rayna alitamani kusema ndiyo. "Hapana, baba."

"Basi."

Akaufungua uzi kwenye usukani, akashuka polepole, akaenda kwenye mti wa plamu ulio kando ya hanga la ndege. Akaanza kuufunga kwenye tawi kavu.

Rayna alimfuata mbio. "Haujachanua bado, baba. Subiri kidogo. Nitazunguka Bulgaria nzima nikutafutie chombo cha zamani, nitakirudisha pale pale."

"Ulisema hata vipuri vyake havipatikani."

Machozi yakamtoka Rayna, naye hakuyafuta.

Mzee alimaliza fundo, akalivuta kuhakikisha limeshika. Kisha akachukua mkono wa binti yake, akamwekea ufunguo wa ndege kiganjani na kumkunja vidole kimoja kimoja.

"Ni kazi nzuri, mwanangu," akasema. "Usije ukafikiri si nzuri."

Akaondoka kwa miguu kuelekea nyumbani, na hakugeuka kuitazama ndege.