Jioni Ambazo Mutie Hakusomwa

Kompyuta ya nyumba ya Ndambuki, pale Makongeni, ilikataa kupokea harusi. Nzisa, mwanawe, akajaribu tena, ikarudia wimbo uleule: diski imejaa. Kazi yake ni kuhariri video za harusi, na bibi harusi mmoja wa kule Murera alikuwa akiisubiri yake. Kamera yenyewe ilikuwa ya kuazima. Jioni hiyo mwenye kamera angekuja kuichukua na kuifuta kadi yenye video.

Wa kwanza kulaumiwa alikuwa Karanja, fundi wa simu, anayejaza filamu kwenye kompyuta za watu hata bila kuombwa. Nzisa akaweka programu ya kuonyesha ni nini kilichokalia diski. Ikamchorea visanduku: faili kubwa, kisanduku kikubwa. Harusi zake zote zilikuwa zimebanwa pembeni. Sehemu nyingine yote ilikuwa ya folda moja iliyoitwa BABA.

"Kumbe kikulacho ki nguoni mwako," akasema, akacheka peke yake.

Ndani mlikuwa na rekodi za redio, moja kwa kila jioni, nzito kwa sababu hazikuwa zimepunguzwa ukubwa. Akafungua moja. Mtangazaji wa redio ya Kikamba alikuwa akisoma matangazo ya vifo: fulani wa Ngoliba, atazikwa Ijumaa. Akafungua nyingine. Vifo tena. Sasa akauelewa ule waya uliotoka kwenye redio ya mzee ukaingia kwenye kompyuta, na amri ya baba yake kwamba mashine isizimwe jioni. Mzee alikuwa mlinzi wa usiku kiwandani, na getini redio ilikatazwa. Alisikiliza mchana akiamka, vidude vya kusikilizia masikioni, na Nzisa siku zote alidhani ni mahubiri.

Aliyetafutwa humo alimjua. Kaka yake, Mutie, alienda Ruiru kutafuta kazi ya mjengo, simu ikazimika, basi. Ruiru si ng'ambo. Mtu huenda na kurudi siku hiyohiyo. Walimtafuta kwa polisi na hospitalini mpaka wakachoka. Nzisa alikuwa ameshamzika moyoni, na alimkasirikia kila aliyemfukua.

Akaichagua folda nzima, kidole kikawa juu ya kitufe cha kufuta. Ndambuki akatokea chumbani, usingizi bado usoni.

"Baba, diski imejaa. Hizi si ulishasikia? Unaziweka za nini?"

Mzee akavuta kiti. "Hiyo ya juu ni jioni moja Mutie hajasomwa. Hiyo ingine pia, hajasomwa. Sasa wewe unataka kutoa gani?"

Nzisa akaondoa kidole.

"Naweza kuzifinya zikae padogo," akasema. "Hakuna yenye itapotea."

"Na majina yatasikika?"

"Yote."

Kazi hiyo ilikula mchana mzima, lakini harusi ikaingia kabla mwenye kamera hajabisha hodi. Ilibaki kuhakikisha kwamba sauti hazikuharibika. Nzisa akachagua rekodi ya jana, ambayo mzee alikuwa bado hajaisikia, akavaa vile vidude. Ndambuki akasimama nyuma yake, tayari kwenda kazini, kofia mkononi. Majina yakaanza kupita. Nzisa, yule aliyekwisha kumzika Mutie moyoni, alijikuta ameshika ukingo wa meza, anaogopa kila jina lililokuwa likija. Hakuachilia mpaka mtangazaji alipoaga.

"Yumo?" mzee akauliza.

"Hayumo."

"Basi weka."

Nzisa akaiweka pamoja na zingine.