Mayai ya Nguru

Tangu arudi kutoka hospitali, Dorothy alikuwa hali chakula. Uji aliusukuma kando, wali aliugeuzia uso. Daktari alimwambia mumewe, Gedion, mbele ya mgonjwa mwenyewe, kwamba dawa zile hazifai kumezwa na tumbo tupu. Asipoanza kula, Ijumaa atarudishwa wodini. Na wodi ile Dorothy aliiogopa sana, kwani jirani wa kitanda chake alitolewa humo akiwa amefunikwa shuka mpaka kichwani.

Kwa hiyo asubuhi aliposema kwa sauti ndogo, "Ningepata mayai ya nguru ya kukaanga, labda ningejaribu," Gedion alitafuta viatu kabla hajamaliza.

Gedion alikuwa mtu wa Kitui. Alikuja Changamwe kijana, akaendesha winchi bandarini mpaka akastaafu, na muda wote huo jikoni alifika kuulizia chakula tu. Lakini kununua alijua. Akarudi na mifuko miwili ya mayai ya nguru, kama inavyotoka tumboni mwa samaki huyo, ya mwisho kwa muuzaji, imejaa hata ngozi yake inang'aa. Akawasha jiko la makaa uani, akaacha mafuta yafuke moshi, kisha akatumbukiza mfuko mmoja mzima mzima.

Mafuta yalitatarika kidogo. Kisha mfuko ukapasuka kwa kishindo. Mafuta yakaruka ukutani, mengine yakamwangukia mkononi, na vipande vya mayai vikatawanyika mpaka kwenye ndoo za maji.

Bi Safa, mpangaji wa chumba cha pili, alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Hakuinuka.

"Baba Dorcas," akamwita kwa jina la bintiye, "wapigana na nani hapo?"

"Na samaki aliyeoza, Bi Safa. Yule kijana kaniuzia kitu kibovu. Namrudia sasa hivi."

"Samaki aoza, halafu apiga bunduki? Hebu lete huo wa pili." Akaunusa. "Wa leo huu. Ukimwendea utamwonea bure mtoto wa watu."

Gedion alitaka kujibu kwamba anajua anachofanya. Lakini ndani Dorothy alikohoa, akauliza kama tayari. Na mfuko uliobaki ulikuwa mmoja. Mficha uchi hazai.

"Sijui kuyapika," akasema.

"Ee, sasa tumeanza. Bonyeza hapa. Waona ngozi ilivyokaza? Ndani mna maji. Moto ukiyafikia yageuka mvuke, na mvuke wataka nafasi kubwa kuliko maji. Nayo ngozi imebana, haina mlango. Wewe ungekuwa humo ungefanya nini?"

"Ningevunja ukuta."

"Basi nao wavunja ukuta."

Gedion akatafakari. "Boila za meli zilikuwa na vali ya kutolea mvuke."

"Mimi meli zako sizijui. Nenda kwenye ule mndimu wa nyuma, uvunje mwiba, uje uyatilie hiyo vali."

Akauleta. Bi Safa akakataa kuushika, eti mikono yake ina nazi. Gedion alitoboa mwenyewe, huku na huku, taratibu, kama mtu anayemdunga mtoto sindano. Akauchemsha mfuko kwa moto mdogo katika maji ya chumvi na ndimu mpaka ukashikana, akaukata vipande, akavipaka bizari. Bi Safa akamwamuru apunguze makaa. Safari hii mafuta yalinong'ona tu.

Dorothy alitafuna kipande cha kwanza kwa muda mrefu. Gedion alisimama mlangoni, hata kukaa alisahau.

"Chumvi haijakolea," Dorothy akasema, akachukua kingine. "Nani kapika?"

"Mimi."

"Wacha uongo."

"Ni yeye, Mama Dorcas," Bi Safa akaitikia kutoka uani. "Kelele hizo hukuzisikia?"

Dorothy akacheka, akamaliza sahani, akaomba na ule uji. Kisha akameza dawa.

Gedion akatoka. Maneno ya shukrani hayakuwa kazi yake. "Bi Safa, wema huu sijui niulipe vipi."

"Nilipovunjika nyonga hapa, mkeo alinifulia na kuniogesha mpaka nikasimama. Wewe ulikuwa bandarini, ulirudi ukakuta chakula. Mshukuru yeye."

Gedion hakuwa akijua. Akarudi ndani, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaushika mkono wa mkewe.

"Ahsante, mama," akasema.

"Ya nini? Si wewe uliyepika?"

"Ahsante tu."

Ijumaa walikwenda hospitali. Daktari akampima Dorothy, akamwandikia arudi baada ya mwezi, nao wakatoka pamoja, polepole, wakibishana kitakacholiwa mchana.