Vyura Wawili na Sungura wa Mlimani

Katika nyumba ya kulea wanyama wanaotoweka, mvua iliacha chumba kimoja tu kisichovuja. Wa kuingia humo walikuwa vyura wa kijito, waliobaki wawili duniani kote, au sungura wa mlimani, waliobaki watano. Mlezi wao, ambaye wenzake walimwita Mama Vyura bila hata kunong'ona, aliambiwa achague.

"Linganisha, shemeji," alisema bwana mkubwa wa kituo, maana alikuwa amemwoa dada yake. "Sungura ana manyoya, ana macho, watu wanampenda. Chura wako kanuna kama mkwe aliyenyimwa chai."

"Cheka tu. Sungura hawa wa mlimani huzaa mmoja, akijitahidi wawili. Chura akitaga, beseni zima linajaa watoto."

"Akitaga."

"Atataga! Mume na mke wale. Hatuwashiki, ngozi yao haivumilii mkono wa mtu, lakini masikio ninayo. Kila jioni wanaitana. Wewe na dada mna mwaka hamjaitana hivyo."

Bwana mkubwa akacheka, akakubali.

Sungura wakapakiwa garini kwenda kituo kingine. Sungura wa porini roho yake iko miguuni. Mfungie asikimbie, inamtoka. Walifika wote wamekufa kwa hofu, macho wazi, bila jeraha. Mama Vyura alilia, kisha akajipangusa kwa upande wa kanga. Si anao bado hawa wawili?

Akaja daktari wa wanyama kutazama kama mayai yako karibu. Alichutama mbele ya kioo, akamulika koo moja, akamulika la pili. Yote meusi.

"Mama, koo jeusi ni la dume. Jike haiti. Wanaoita ni madume."

"Mmoja anaita, mwenzake anaitikia. Nimewasikia mwenyewe!"

"Ndiyo. Kila mmoja anamwambia mwenzake: toka kwenye maji yangu."

Mama Vyura akaenda kumwambia shemeji yake. Yule bwana, ambaye hata msibani hakosi utani, siku hiyo aliukosa. Alimsogezea kiti tu.

Asubuhi daktari alimkuta ameinama, anawabadilishia vyura maji, taratibu, asiwaguse.

"Ya nini tena, mama?"

"Maiti huoshwa," alisema, bila kugeuka. "Nani kakwambia huoshwa ili ipone?"