Mfasiri wa Merikebu ya Angani

Mayala aliisoma habari ile ubaoni mara tatu, na mara zote tatu ilikuwa mbaya vilevile. Wenzake waliokuwa wakiisoma nje ya chumba cha video cha Chenge, pale Kirumba, walikuwa wakipigana mabega kwa furaha. Wachukuzi wa soko la Mwaloni walikuwa wameyaacha matoroli ya samaki katikati ya njia, na hakuna aliyewafokea. Ubao ulisema, kwa chaki na mwandiko wa kialimu:

"WAPENZI WA MERIKEBU YA ANGANI! Mfululizo mpya wa sehemu kumi na tatu unakuja Desemba. Baada yake itafuata filamu ndefu ya saa moja na nusu. YOTE KWA KIINGEREZA. Muhtasari utasomwa hapa Jumapili, saa kumi jioni. Njoo na mwenzio."

Kwa Kiingereza. Hapo ndipo Mayala alipobanwa, maana mwaka wa tatu sasa yeye ndiye aliyekuwa akiifasiri katuni ile kutoka Kijapani, na Kijapani alikuwa hakijui.

Msimcheke bado. Ilianza kidogo tu, mwaka ule mipaka ilipolegea na kila kitu kikawa kinaingia, redio, mitumba, sabuni zenye majina ya ajabu. Chenge alinunua kanda kumi za katuni kwa mtu aliyetoka Nairobi, akatia ya kwanza kwenye deki, akakuta wanaongea lugha ambayo Kirumba nzima haijawahi kuisikia. Kazi ya Mayala ilikuwa kusimama kando ya runinga, fimbo mkononi, akiwafasiria watu filamu. Na huko nyuma aliwahi kuwabebea vyombo Wajapani wawili waliokuja kupima barabara. Miezi miwili. Alijifunza kushukuru na kuomba maji.

"Wewe si ulikaa na wale?" Chenge akamuuliza. "Unawasikia?"

Angesema hapana, yangekwisha palepale. Akasema, "Kidogo kidogo."

Hiyo kidogo kidogo ikazaa ulimwengu mzima. Mwanamke wa joho la buluu akampa jina la Yumera, akamfanya nahodha aliyewatorosha watu wake kutoka kwenye sayari ambayo ziwa lake lilikauka. Akampa uchungu, akampa utani, akampa na mikwara ya Kisukuma. Watu walilia mpaka wakaombana leso. Mwaloni peke yake kulikuwa na watoto wanne walioitwa Yumera, na wa tano alikuwa binti yake Mayala mwenyewe, kwa kuwa mkewe ndiye aliyelichagua jina na yeye hakuwa na la kupinga.

Huyo mkewe, Modesta, ndiye hasa aliyemnyima usingizi. Kabla ya ndoa alikuwa akiuza daftari na kalamu kwenye duka moja kule Nyamagana, msichana wa kukataa watu. Alikataa hata dereva wa lori. Mayala ndiye aliyemkubali, kwa sababu moja tu, na Modesta aliitaja mbele ya wazee wa pande zote mbili: "Huyu anabeba maneno ya watu bila kuyapunguza wala kuyaongeza. Mtu wa hivyo hawezi kunidanganya." Wazee wakaitikia kwa vichwa. Mayala akatazama viatu vyake. Tangu siku hiyo nyumbani akawa mtu wa ndiyo na hapana, akihofia kwamba neno moja likimponyoka, mengine yote yatalifuata.

Aliyeandika ubao alikuwa Kashaija, mwalimu wa fizikia, Mhaya mpole ambaye kaka yake wa Nairobi alikuwa akimtumia magazeti ya Kiingereza ya katuni. Ijumaa Mayala akaenda kwake, amekusudia kumwomba aufute.

"Karibu, mtaalamu, karibu!" Kashaija akamvuta ndani kabla hajamaliza kubisha hodi. "Nilitaka kukufuata mwenyewe. Hebu nisaidie hapa." Akamtandazia ukurasa uliojaa maandishi ya Kijapani kutoka juu hadi chini. "Nadhani ni barua ya mchoraji kwa wapenzi wake. Inasemaje?"

Mayala akausogeza ukurasa karibu na uso, akaupeleka mbali. "Macho yananisumbua, mwalimu. Tangu juzi."

"Pole sana. Basi nenda nayo, utaisoma polepole."

Kwa hiyo aliyekwenda kufutisha ubao akawa amepewa kazi ya nyumbani.

"Ila kuna jambo limenitatiza," Kashaija aliendelea. "Gazeti linasema yule mama wa buluu haitwi Yumera. Tena si nahodha. Ni jasusi, ndiye aliyelikausha lile ziwa. Nikasema hawa wamekosea kuchapa. Jumapili nitasoma kama ilivyo, halafu wewe utatueleza."

"Usisome."

"Kwa nini?"

"Nakutania tu," Mayala akasema, akaaga.

Jumamosi aliwaza kutoroka. Angevuka na kivuko pale Kigongo, aende kwa mjomba wake Sengerema, akalime pamba, asionekane tena. Kisha akakumbuka kwamba binamu yake wa Sengerema naye ana mtoto anaitwa Yumera. Akalala kitandani mchana kutwa, akisema anaumwa, na Modesta akamletea uji.

Jumapili chumba kilifurika. Modesta aliketi benchi la pili, mtoto mapajani. Kashaija akasimama, akasoma muhtasari wa mfululizo na wa filamu, sentensi kwa sentensi, akiugeuza kwa Kiswahili, na alipofika kwa jasusi wa joho la buluu, kelele zilimzidi.

"Mwalimu!" Shimba, mchukuzi mwenye kifua kipana, akainuka. "Ina maana mwanangu nimempa jina la jasusi?"

Watu wote wakamgeukia Mayala. Aliwatazama, akamtazama mkewe, na alijiona amechoka kabisa, amechoka na kila jina alilowahi kulitunga. Akapiga moyo konde.

"Gazeti linasema kweli. Mimi Kijapani sikijui. Nilikuwa natunga. Yote nilitunga mimi."

Shimba akaangua kicheko. "Utunge yale yote? Wewe Mayala, uliyefeli darasa la saba?"

Chumba kizima kikamfuata kwa kicheko. Mama Wilhelmina, muuza dagaa, hakucheka, alikasirika. "Mimi nililia hapa wiki nzima yule mtoto alipofia angani. Nililia bure? Acheni mambo yenu."

"Naapa!" Mayala akautoa ule ukurasa mfukoni, akaupunga. "Tazameni! Sisomi hapa hata herufi moja!"

"Macho yanamsumbua," Kashaija akawafafanulia watu kwa huruma. Kisha akamgeukia. "Mtaalamu, usijishushe kwa ajili ya kunistahi mimi. Magazeti hukosea."

"Hao Waingereza ndio wameiharibu," mtu mmoja alisema nyuma, na hilo likapokewa kuwa ndiyo maelezo yenyewe. Chenge akapiga makofi kufunga shauri. "Filamu ikija, sauti tutaizima kabisa. Mayala atafasiri kama kawaida." Wakashangilia. Mayala akautafuta mlango kwa macho, akaona umejaa watu waliosimama, wote wakimpungia.

Alipofanikiwa kupenya, Modesta alikuwa ameshaondoka. Alimkuta nyumbani, ameketi uani kwenye mkeka, anachambua mchele. Jua lilikuwa bado liko juu ya mawe ya kilimani.

"Wenzako hawakukuamini," Modesta alisema bila kuinua kichwa. "Mimi nimekuamini."

Mayala akakaa chini. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa mizigo iliyofungwa. Hakuwa amejiandaa kwa sauti ile ya chini.

"Siku ile kwenye katuni, yule mwanamume anaondoka," Modesta akasema, "Yumera alimwambia: 'Nenda, lakini sauti yako niachie, niwe naisikia nikiamka.' Hayo nayo hayakuwemo?"

"Hayakuwemo."

"Uliyatoa wapi?"

"Ulikuwa umekaa pale mbele. Ndiyo mara ya kwanza nakuona. Nilikuwa nakuambia wewe."

Mikono ya Modesta ikasimama juu ya ungo. Machozi yalimlengalenga, na haikuwa hasira. Ilikuwa huzuni tupu, ya mtu aliyekaa na njaa karibu na chungu kilichojaa.

"Miaka yote nimeyatunza maneno ya mwanamke wa katuni, kumbe ni ya mume wangu," alisema. "Basi niambie, baba Yumera. Mbona hapa nyumbani hunaga maneno?"

Mayala akafungua kinywa. Alitafuta neno moja tu la kuanzia, lolote, na hakulipata. Modesta akangoja. Akangoja tena kidogo, kisha akauvuta ungo mapajani, akaendelea kuchambua mchele.