Vigingi vya Barabara 829

Mtu anayependa barabara ya maili moja na robo ana lake jambo. Hivyo ndivyo nilivyomchukulia yule kijana tangu siku ya kwanza, nilipomkuta mbele ya kanisa letu la Waslovaki akipiga picha kibao cha Barabara ya Jimbo 829, viatu vyake havina hata vumbi. Alisema anaitwa Dwight Pomeroy, mwalimu wa fizikia kutoka upande wa pili wa Ohio, na kwamba likizo zake zote huzimaliza akiandika historia za barabara fupi. Nikamwambia hongera, nikaenda zangu.

Sikuamini hata neno moja. Jimbo lilikuwa limetangaza kwamba kabla ya majira ya baridi litaikabidhi 829 kwa mji, vibao ving'olewe, ibaki mtaa kama mitaa mingine. Halafu wiki hiyo hiyo anatokea mwandishi wa historia? Nilisema moyoni huyu ni wakili au mpelelezi wa serikali, na kilichomleta ni nyumba yangu.

Kusema kweli, nilikuwa na sababu ya kuogopa. Mwaka 1957 jimbo liliipanua barabara ile kutoka njia mbili hadi nne, malori ya kiwanda cha chuma yapate kupita. Ilibidi nyumba za upande mmoja zibomolewe. Wapimaji wakapigilia vigingi sita vyenye utepe mwekundu kwenye bustani za upande wetu. Jumapili iliyofuata, mtaa mzima ukiwa kwenye misa, baba yangu Ondrej Hudak alijisingizia homa akabaki nyumbani. Aling'oa vigingi vyote sita, akavuka navyo, akavipigilia upande wa pili, mbele ya mlango wa akina Sabol. Kiangazi kile nyumba ya akina Sabol ilibomolewa pamoja na nyingine kumi na moja. Yetu imesimama mpaka leo. Baba alinisimulia haya mwaka 1974 akiwa anakata roho, na kwa miaka ishirini na mitano sikumwambia mtu.

Sasa, Vera, binti wa akina Sabol hao hao, ndiye rafiki pekee niliyebaki naye. Tumekua pamoja, tumezika waume zetu mwaka mmoja. Kila siku saa nne asubuhi anakuja jikoni kwangu, anakosoa kahawa yangu, anakunywa vikombe vitatu. Yule kijana akifukua habari za vigingi, Vera ndio basi tena.

Siku ya tatu Vera aliingia na Dwight nyuma yake.

"Nimekuletea mgeni," alisema. "Nimemkuta anapima lami kwa hatua zake kama bata. Mpe keki ya njugu, amekonda."

"Sina keki."

"Ninayoiona mezani ni nini, Albina, matofali?"

Nilimkatia kipande, chembamba kabisa. Kijana akashukuru, akatoa daftari, akaanza kuniuliza. Nilijibu kama shahidi mahakamani. Barabara ilianza lini? Sijui. Nani aliishi upande wa mashariki? Watu. Je, nakumbuka wapimaji?

"Hapakuwa na wapimaji," nilisema.

Vera aliweka kikombe chini. "We Albina, umepatwa na nini? Wapimaji walikuwepo, yule mrefu alikuwa anakukonyeza kila siku. Msamehe, kijana, uzee umeanzia kichwani."

"Na wewe umeanzia mdomoni," nikamjibu. Akacheka. Mimi sikucheka, maana macho yangu yalikuwa kwenye bomba refu la karatasi ambalo kijana alikuwa analifungua.

"Hii nimeipata kwenye ghala la nyaraka za jimbo," alisema, akaitandaza ramani juu ya meza yangu. "Ndiyo ramani ya upanuzi. Imetiwa sahihi Februari 1957."

Februari. Vigingi vilipigiliwa Mei. Niliinama nikaangalia. Upande wa mashariki kulikuwa na nyumba kumi na mbili zilizochorwa msalaba, kila moja na jina la mwenyewe, na ya nne ilisomeka Sabol. Upande wetu hapakuwa na msalaba hata mmoja.

"Mbona vigingi viliwekwa huku kwetu?" niliuliza.

"Kumbe wapimaji unawakumbuka," Dwight alisema kwa upole. "Vile vilikuwa vya kupimia tu, bibi. Wapimaji huviweka pembeni, mbali na kazi, greda lisije likavikanyaga. Halafu wanahesabu futi kutoka pale. Watu wengi hudhani kigingi kilipo ndipo panapobomolewa." Akafungua daftari lake. "Tena mwaka ule kuna mtu alivihamisha. Wapimaji waliandika kwamba walivikuta ng'ambo, wakavitupa, wakapima upya kuanzia kona ya kanisa. Iliwachukua saa mbili."

Saa mbili. Baba alikufa akilia kwa jambo lililowachukua wapimaji saa mbili kulirekebisha. Nilijisikia mwepesi, nikakaa, na maneno yakanitoka kabla sijayazuia.

"Kwa hiyo si baba. Vera, si baba aliyewabomolea. Alivihamisha bure."

Dwight alitazama keki. Vera akauliza, "Alivihamishia wapi?"

"Lakini umesikia, havikubadilisha chochote."

"Nimesikia. Alivihamishia wapi?"

"Mbele ya mlango wenu."

"Na wewe umejua tangu lini?"

"Sabini na nne."

Alikunja kitambaa chake cha mkononi mara mbili. Ningependa anifokee, maana kufoka kwake nimekuzoea.

"Mama alikufa sabini na tisa," alisema. "Wiki nzima kitandani alikuwa anajilaumu. Kwamba mtu wa serikali alipokuja alimfungia mlango, na kwamba ndiyo maana jimbo likaichukua nyumba yetu na kuiacha yenu. Ulikuwepo, Albina. Ulidhani unajua ni nani aliyetubomolea."

"Vera, niliogopa kukupoteza."

"Mama alikuuliza wewe. Alisema, Albina, kosa ni langu, siyo? Nawe ulikuwa umemshika mkono."

Nilikumbuka vizuri. Nilikuwa nimemwambia alale, apumzike.

Vera alisimama, akamwomba kijana ampeleke nyumbani, naye akaikunja ramani yake haraka haraka, akamshika mkono wakatoka.