Joto Lilitoka Ndani

Kompyuta ya Mudathir ilikuwa ikizirai mchana, jua likishasimama juu ya bati, na tangu ianze alikuwa akimjua wa kumlaumu.

Alikuwa Gaudens, fundi wa kuchomelea, mpangaji mwenzake katika nyumba ya Mzee Mwishehe pale Manzese. Fremu ya mbele, kichumba cha biashara, ilikuwa ya Mudathir na dada yake Farida: walichapa kadi za harusi, barua za kuomba kazi na risala za kumsomea mgeni rasmi. Uani, chini ya kipande cha bati, Gaudens alitengeneza mageti na madirisha. Nyumba nzima ilikula umeme wa mita moja. Gaudens akigusisha chuma, taa zinafifia; akiachia, zinaruka na kuwaka kwa hasira. Nani angehitaji ushahidi zaidi ya huo?

Mudathir hakuuhitaji. Hakusoma chuo chochote. Kompyuta alijifundisha mwenyewe kwa kufungua na kufunga, na kwa hilo alitembea kifua mbele. Mashine ilikuwa Pentium, imeshuka kutoka Dubai na mjomba wao mwaka ule kila kitu kilipokuwa kikishuka kutoka Dubai, friji, feni, hata vijiko. Mtaani walimwita Injinia, naye hakuwahi kumsahihisha mtu.

Basi kikaitishwa kikao cha wapangaji. Kila mmoja alikuja na marehemu wake. Mama Tupokigwe, muuza barafu, alilalamikia friji. Mwingine balbu, mwingine redio. Gaudens alijitetea kwa Kiswahili chake cha Bukoba, taratibu, akasema yeye huchomelea asubuhi tu na mchana hukata na kupiga msasa. Hakuna aliyemsikiliza, maana Mudathir alikuwa amesimama, na Mudathir akisimama huwa haongei kama watu wengine. Alikuwa na kipaji cha kupanga vina. Akamnyooshea kidole fundi wa watu, akatupa:

*Ewe fundi wa mageti, umeme unaumeza,*
*Ukiketi hatuketi, vyombo vyetu waunguza!*

Uani pakalipuka vicheko. Mama Tupokigwe alijipiga mapaja. Mzee Mwishehe mwenyewe, mtu wa heshima zake, alificha mdomo kwa ncha ya kanzu. Kesho yake waya wa Gaudens ukakatwa kwenye mita, na kabla ya Ijumaa watoto wa mtaa mzima walikuwa wakiruka kamba kwa shairi la Mudathir.

Na kompyuta ikazirai tena.

"Kaka, imeganda," Farida alisema. Adhana ya adhuhuri ilikuwa imemalizika punde. "Kadi za watu zimo humo ndani."

"Izime, uiwashe."

"Nimeiwasha mara mbili. Inaamka, inaniangalia, inalala."

Mudathir akatazama stebilaiza, lile sanduku linalosawazisha umeme kabla haujaingia kwenye mashine. Mshale wake ulikuwa umetulia kama mtu aliye kwenye swala. Umeme haukupanda wala kushuka. Uani hapakuwa na mlio wa kuchomelea. Gaudens alikuwa akikata chuma kwa msumeno wa mkono, kwii, kwii, kama anayekata mfupa.

Mudathir akaigeukia kompyuta yenyewe.

Kompyuta ilikuwa imevaa. Farida alikuwa ameifumia vazi la uzi mweupe lenye marinda, kama lile la redio nyumbani kwao, kama la televisheni ya kila mwenye televisheni. Vumbi la Manzese si mchezo, na chombo cha thamani hakikai uchi mbele ya wageni. Vazi lilifunika sanduku zima, likashuka nyuma hadi mezani, na Mudathir ndiye aliyesema lisivuliwe hata mashine ikifanya kazi, kwa kuwa wateja walilisifia. Akalivua. Akaweka kiganja nyuma, kwenye matundu ambako feni hupumulia. Hewa ikamjia mbio usoni, ya moto kama ya jikoni kwa mama wa maandazi.

Akafungua sanduku. Akagusa bati dogo lililokaa juu ya prosesa, ubongo wa mashine, akaurudisha mkono upesi na kutia kidole mdomoni.

"Nini?" Farida akauliza.

"Hakuna."

Kulikuwa na kitu. Kwenye ubao wa ndani kuna pini zilizovalishwa vikofia vidogo vya plastiki. Ukivihamisha, prosesa hukimbia kuliko ilivyopangiwa kiwandani. Ikikimbia mno huyumba, basi unahamisha kingine kuiongezea umeme, nayo inasimama imara. Mudathir alivihamisha vyote kwa mkono wake, siku ambayo jamaa mmoja wa Kariakoo alimtambia kuwa mashine yake ina mbio zaidi. Alijua kwamba umeme ukizidi, joto nalo linazidi. Alijua kabisa. Aliona tu kuwa jambo hilo ni la watu waoga. Halafu akaichukua mashine inayochemka, akaivisha sweta, akaiweka chini ya bati Manzese.

Alirudisha vikofia mahali pake. Vazi akalitupia kabatini. Kompyuta ikafanya kazi mchana huo, na kesho yake, na keshokutwa, bila hata kupepesa. Kila kadi iliyotoka kwenye printa ilimchoma.

Angeweza kunyamaza. Farida ndiye aliyemnyima nafasi hiyo.

"Imepona kwa sababu ya Gaudens kukatiwa umeme, siyo?" alimuuliza, huku akimtazama kama mama mkwe.

"Siyo."

"Na mzee mmoja wa Ubungo, Leonardi, aliyemwagiza Gaudens geti, kamnyang'anya kazi hiyo. Kasikia hayo mashairi yako, kasema hampi kazi mtu anayeunguza nyumba za wenzake. Umesikia hilo?"

Hakuwa amelisikia.

Jioni alimvizia Gaudens uani, watu walipokuwa wameingia ndani. Fundi alikuwa akifunga vyuma kwa kamba. Alikwishapata kibanda Mbagala.

"Braza Gaudens," Mudathir alianza, sauti chini. "Ile mashine... haikuwa wewe. Ni mimi niliyeipandishia umeme ndani yake. Nisamehe."

Gaudens aliendelea kukaza fundo. "Unasemaje? Sikusikia."

Mudathir akarudia, chini zaidi.

"Aa. Sasa hivi unajua kunong'ona." Gaudens akainuka. "Ulinivua nguo mbele ya watu, Injinia, halafu unakuja kunivisha gizani. Mie nitatembeaje na nguo ambayo hakuna aliyeiona?"

"Unataka nifanye nini?"

"Mimi sijui kupanga vina. Wewe ndiye mtaalamu wa maneno. Tafuta."

Kikao cha pili Mudathir alikiomba mwenyewe. Alisimama mahali palepale, na safari hii hakikuja kina hata kimoja. Alieleza kuhusu vikofia, kuhusu joto, kuhusu vazi la marinda. Alipofika kwenye vazi, mtu akacheka puani.

"Kwa hiyo na friji langu nalo ulilichokonoa wewe?" Mama Tupokigwe akadakia. "Maana nalo lina kitambaa!"

"Friji sijui, mama. Mie nasema la kwangu. Umeme wa Gaudens haukuua mashine yangu."

"Lakini taa zilikuwa zikifumba na kufumbua. Sasa zimetulia. Tuzirudishie wazimu kwa ajili ya kidole chako kilichoungua?"

Wengine wakaguna kumuunga mkono. Hapo Mudathir akaona ubaya wa kazi yake kwa upana wake: alikuwa amewapa watu neno tamu, na watu hawarudishi neno tamu kwa sababu tu mwenyewe amelijutia.

Mzee Mwishehe akakohoa. "Mudathir, mwanangu. Mie nilikata waya wa mtu kwa neno lako. Leo umeniletea neno jingine. Lile na hili, yote ya kinywa kimoja. Nishike lipi?"

"Hili, mzee."

"Hata lile ulilisimamia hivyohivyo."

Masikio yalimwaka. Ndipo Gaudens, aliyekuwa ameegemea mlango wa uani, akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Shikamoo, mzee. Mimi waya siutaki tena. Nahamia Mbagala, mtu asigombane kwa ajili yangu. Nataka kitu kimoja tu. Huyu anifuate kesho Ubungo."

Walikwenda asubuhi. Njia nzima Gaudens alitangulia hatua kadhaa mbele. Geti la mzee Leonardi lilikuwa bado tundu katikati ya ukuta mpya, limezibwa kwa mabati mawili na jiwe. Mzee mwenyewe alitoka na taulo begani, akamtambua Gaudens, akakunja uso.

"Wewe si nilikwambia..."

"Shikamoo, mzee," Mudathir akasema haraka.

"Marahaba. Na wewe nani?"

Hilo jina la Injinia lilimjia ulimini kwa mazoea. Akalimeza.

"Mimi ndiye niliyemsingizia huyu fundi. Hakuunguza kitu cha mtu. Mashine yangu niliiharibu mwenyewe kwa sifa, niliipa umeme kuliko uwezo wake, nikaifunika nguo isipumue. Halafu nikamtungia huyu shairi."

Mzee Leonardi akalishusha taulo begani. Pembe za mdomo zikaanza kumtetemeka.

"Kompyuta umeivisha nguo?"

"Ndiyo, mzee."

"Dar es Salaam hii?"

"Ndiyo."

Kicheko kilichomtoka mzee kilimfanya ashikilie ukuta. Alipopata pumzi akageukia ndani. "Apolonia! Mama! Njoo, njoo usikie!" Mkewe akatoka, unga mikononi. "Fundi, geti lako lile pale. Hebu rudia, kijana. Polepole. Anza pale kwenye nguo."

Mudathir akamgeukia Gaudens, akitafuta jicho la kumhurumia. Gaudens alikuwa amekwishampa mgongo. Amechuchumaa kwenye tundu la ukuta, futi yake ya chuma mkononi, anapima upana wa geti.

Mudathir akaanza upya.