Nani Kasema Hapana?

Yote yalianza na swali dogo tu. Dokta Mwanakheri alikuwa katikati ya kuzungukia wagonjwa Jumatatu asubuhi, hana hili wala lile, akamgeukia Sista Brigita, mkuu wa wodi ya wanawake, akasema:

"Sista, lile gari la Jumanne huwa lina nafasi?"

"Nafasi ipo, dokta. Karibu kila wiki ipo. Ila hairuhusiwi."

"Hairuhusiwi na nani?"

Sista Brigita akaanza kunyoosha shuka la kitanda. Miaka yote ya unesi wake hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo. Hairuhusiwi ni hairuhusiwi, unaenda kwa mgonjwa mwingine.

Lakini huyu Mwanakheri, jamani, alikuwa na ugonjwa wake mwenyewe wa kuuliza. Kwao Pangani bibi yake alikuwa anamfukuza jikoni kwa sababu ya maswali. Serikali ikampangia Kigoma, akaja na begi moja na maswali yake yote.

Gari lenyewe lilikuwa Landkruza refu, jeupe, mali ya shirika lililokuwa linahudumia wakimbizi. Ilikuwa ile miaka Warundi wanavuka kwa maelfu, wengine kwa miguu, wengine kwa mitumbwi. Wagonjwa wa kambini walikuwa wanaletwa kwanza pale hospitalini mjini. Waliozidi uwezo wa pale wanapelekwa hospitali ya rufaa Mwanza kila Jumanne. Gari lina kitanda, lina mitungi ya oksijeni, lina na nesi wake. Hospitali nayo ilikuwa na gari la wagonjwa, ndiyo, lisije likasemwa halipo. Lilikuwa juu ya mawe nyuma ya jiko, na kuku wa mlinzi walikuwa wanatagia humo.

Na mgonjwa wa Mwanakheri alikuwa mwenyeji. Anaitwa Rozalia, mama kijana tu wa Kalinzi, yeye na mumewe Martini wanalima kahawa. Walishuka milimani kwa pikipiki, wamepakiwa mshikaki, dereva mbele, Martini nyuma, Rozalia katikati kama mzigo wa mayai. Mafindofindo ya utotoni ambayo hayakutibiwa yalishuka mpaka moyoni. Sasa mlango mmoja wa moyo ulikuwa umekakamaa, hautaki kufunguka, kama mlango wa mbao uliovimba kwa mvua. Kulala chali hawezi. Akilala anazama, anasema mwenyewe, kama mtu aliyetupwa ziwani. Kwa hiyo Martini alikuwa anapanda kitandani anamgeuzia mgongo, na Rozalia anaegemea mgongo huo, anasinzia hivyo hivyo amekaa.

"Sista ananikataza kukaa kitandani kwa mgonjwa," Martini alimwambia dokta. "Nimemwambia mimi siyo mtu, mimi mto."

Dawa zilikuwa zimeshafika mwisho wake. Mwanza, wiki ile ile, walikuwa wamekuja mabingwa wa moyo wanaoweza kuufungua ule mlango bila hata kupasua kifua. Walishamkubali Rozalia kwa simu. Wakiondoka, watarudi lini, hakuna ajuaye. Na basi la abiria, kutwa nzima barabarani bila oksijeni, asingefika. Ilikuwa gari la Jumanne, au hakuna.

"Sista, hujanijibu. Nani kasema hapana?"

"Ni bosi, nadhani. Nenda kamuulize bosi. Mimi usinitaje!"

Bosi ni Dokta Bonifasi, mganga mfawidhi, mzee mwenye miwani miwili, mmoja machoni, mmoja kichwani, na wa kichwani ndio anaoutafuta kila siku.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Kama ni glavu, sina."

"Siyo glavu. Rozalia wa moyo apande gari la Jumanne."

"Aaa, hapana, hapana. Hairuhusiwi."

"Umekataza wewe, bosi?"

"Mimi!" Dokta Bonifasi akajishika kifua. "Mimi nikataze nini? Gari siyo langu. Ni hao shirika hawataki. Ningekuwa na gari langu mwenyewe, binti, ningempeleka mpaka mwenyewe achoke."

"Waliwahi kukwambia hawataki?"

"Mambo mengine hayasemwi, yanajulikana."

Haya. Mtu mwingine angerudi wodini, akalalamika kwenye chai, yakaisha. Mwanakheri alikuwa ameshalalamika sana mwaka ule. Alilalamikia dripu, alilalamikia jenereta, alilalamikia watoto wawili kitanda kimoja, mpaka akaichoka sauti yake mwenyewe. Lakini leo hakuwa na hasira, na yeye mwenyewe alishangaa. Alikuwa na hamu. Alitaka kumwona huyo mtu kwa macho. Ana sura gani? Anakaa kwenye kiti cha namna gani, mtu ambaye hapana yake inatembea mji mzima bila yeye kuinuka?

Akachukua bodaboda mpaka Gungu, kwenye ofisi ya shirika. Afisa usafirishaji alikuwa kijana anaitwa Mudathir, mtoto wa Ujiji, kofia nyuma mbele, redio ya upepo kiunoni inakoroma.

"Dokta! Karibu sana. Mi na wewe hatuna noma kabisa, jua hilo," alisema kabla hajaulizwa kitu.

"Gari la kesho lina watu wangapi?"

"Wawili. Bibi mmoja wa macho na jamaa mmoja wa mguu. Wote wa kukaa."

"Kwa hiyo kitanda kinakwenda Mwanza kitupu."

"Kinakwenda kutembea, eeh." Akacheka peke yake, kisha akaacha. "Najua unapoelekea, dokta. Haiwezekani. Mwenyeji hapandi."

"Mmekataa nyie?"

"Sisi? Wazungu wetu hata hawajui kama kuna swali hilo. Ni serikali. Ile idara ya wakimbizi, kule karibu na stesheni. Ukipakia mwenyeji, wale jamaa wanakunyang'anya kibali, gari linalala. Mi nina watoto, dokta."

"Waliwahi kunyang'anya mtu?"

Mudathir akatazama juu, akafikiri kwa haki kabisa. "Ngoja... hapana. Lakini si ndiyo kwa sababu hatujawahi kupakia?"

Ilimbidi Mwanakheri acheke, maana ukiitazama kwa upande ule, ilikuwa na akili.

Stesheni akaenda kwa miguu, jua linachoma, viatu vimejaa vumbi jekundu. Njiani alikuwa anajiandaa. Atakuwa mtu mkubwa, alifikiri, meno ya shaba, sauti ya redio. Ataniweka kwenye benchi mpaka jioni.

Alimkuta bwana mwembamba peke yake kwenye chumba chenye meza moja, anachemsha chai kwa heta. Anaitwa Crispin, kaletwa kutoka Songea. Alipoona mgeni mlangoni, alisimama haraka mpaka kiti kikaanguka.

"Karibu! Umepotea? Posta ni mlango wa pili."

"Sijapotea. Nakutafuta wewe."

"Mimi?" Bwana Crispin akaokota kiti, akakipangusa kwa mkono, akampa. "Sukari unatumia?"

Akamweleza yote. Moyo, mlango, kitanda kitupu, mgongo wa Martini. Bwana Crispin alisikiliza amesahau chai yake, inamwagika pembeni ya heta, shhh. Mwisho akauliza, tena kwa upole:

"Na nani amesema mimi nimekataza?"

"Kila mtu!"

"Kila mtu?" Akaonekana ameumia, lakini pia, kwa mbali, kama amefurahi kwamba anajulikana. "Dada yangu, nimekaa hapa tangu kile kipindupindu cha wakimbizi kule Kagunga. Hakuna aliyewahi kuja kuniomba kitu hicho. Kazi yangu ni mkimbizi asitoke bila kibali. Mwenyeji kwenda Mwanza namkataza kwa sheria gani? Ana nchi yake! Mimi nilikuwa najua ni nyie."

"Sisi kina nani?"

"Hospitali. Niliambiwa mganga mfawidhi hataki kuchanganya wagonjwa. Mambo ya kipindupindu. Nikasema, madaktari wana sababu zao."

Weee! Mwanakheri alitoka pale anacheka peke yake relini, watu wanamwangalia. Duara lote! Hapana ilitoka kwa Bonifasi ikaenda Gungu, ikatoka Gungu ikaenda stesheni, ikatoka stesheni ikarudi kwa Bonifasi, na hakuna aliyeizaa. Kila mmoja alikuwa anaitunza kwa niaba ya mwenzake, kama mtoto wa jirani.

Lakini alipofika mtaa wa Mwanga kicheko kikakatika. Maana aliwaza hivi: hapana haihitaji mwenyewe, inajitembeza. Ndiyo je? Ndiyo lazima mtu aitoe mdomoni mwake. Na kweli, alipompigia Bwana Crispin jioni ile kumwomba aruhusu, akasema hakatazi, ila kuruhusu ni jambo jingine, inabidi aulize Dodoma. Mudathir hakatazi, ila bila neno la Crispin haruhusu. Dokta Bonifasi akavaa miwani yote miwili, akasema hakatazi.

"Basi ruhusu, bosi."

"Mwanakheri. Mimi nastaafu mwakani."

Jumatatu hiyo ikaisha hivyo. Rozalia miguu ilikuwa imevimba zaidi, midomo ina rangi ya zambarau. Lakini bado anauliza mambo, maana naye hakuwa nyuma kwa maswali.

"Dokta, huko Mwanza ziwa lao lina migebuka?"

"Hawana. Wana sato na sangara."

"Masikini," akasema Rozalia, na kupumua. "Wanaishije?"

Jumanne asubuhi Mwanakheri hakuomba tena. Aliwaita wote watatu uwanjani, mbele ya gari. Mudathir alikuwepo kwa kazi yake. Bwana Crispin alikuja amevaa suti, maana hakuna aliyewahi kumwalika mahali tangu afike Kigoma. Dokta Bonifasi alitoka ofisini kuuliza kuna msiba gani. Kisha Mwanakheri akaja anasukuma kiti cha magurudumu, Rozalia ndani yake, Martini nyuma na mtungi wa maji na blanketi la Kalinzi zito kama mbuzi.

"Wazee wangu," alisema Mwanakheri, akafunga breki ya kiti. "Huyu ndiye Rozalia. Anataka kujua nani kakataa asiende. Mimi nimetafuta sikumpata. Kama yupo hapa, naomba amwambie yeye, siyo mimi."

Injini inaunguruma tu. Mudathir alimtazama Crispin, Crispin alimtazama Bonifasi, Bonifasi alimtazama Mudathir. Rozalia akawatazama mmoja mmoja, bila hasira, kama mtu anayetaka kweli kujua. Bwana Crispin aliinamisha kichwa akaanza kukagua vifungo vya koti lake. Mudathir akavua kofia.

Ndani ya gari yule bibi wa Kirundi wa macho, ambaye haoni vizuri lakini masikio anayo, akachoka kungoja. Akasogea, akapigapiga kitanda kwa kiganja.

"Ngwino, mwana wanje," alisema. "Ngwino."

Na Kiha, lugha ya kwao Rozalia, na Kirundi vinasikilizana, hapakuhitajika mtu wa kumtafsiria njoo mwanangu. Rozalia akainuka. Mwanakheri kamshika huku, Martini huku, nesi wa gari akavuta kutoka ndani, na hakuna mkono uliowazuia. Nesi akamfunga oksijeni, kichwa cha kitanda kikainuliwa juu.

"Nani ameruhusu?" dereva aliuliza dirishani. "Kwenye kizuizi cha barabarani wakiniuliza niseme nani?"

Wakubwa wakaanza tena kutazamana.

"Sema Mwanakheri," akasema Mwanakheri. "Sema daktari wa wodi ya wanawake."

Martini naye akapanda, gari likaondoka. Kizuizini, baadaye Martini alisimulia, askari alichungulia ndani, akauliza kama kuna mkimbizi asiye na kibali, akaambiwa hakuna, akafungua kamba. Basi! Hilo ndilo joka lenyewe lililokuwa linaogopwa.

Alhamisi Martini akapiga simu anapiga kelele kama aliyeko ng'ambo ya ziwa. Mlango umefunguliwa. Rozalia amekula ugali, sato kamkataa, na yeye Martini amefukuzwa kitandani, mto hauhitajiki tena. Wodi nzima ilisikia, Sista Brigita akapiga vigelegele mpaka wagonjwa wa wodi ya wanaume wakaja mlangoni.

Habari Kigoma haina miguu lakini inakimbia. Jumatatu iliyofuata nje ya wodi walikuwa wamejaa: wa Buzebazeba, wa Ujiji, wa Kalinzi, kila mmoja na ndugu yake na swali lile lile. Gari la kesho lina nafasi? Na Dokta Bonifasi akamwita Mwanakheri ofisini.

Alikuwa amesimama. Miwani mmoja tu, mahali pake.

"Nimeona watu wako huko nje," alisema. "Sasa sikiliza. Kesho kambi inaleta wagonjwa watano wa kwenda Mwanza. Nikiruhusu hawa, mkimbizi atakosa gari lake, na yeye hana hata ndugu wa kumbeba. Kwa hiyo hapana. Na usiende Gungu, usiende stesheni. Mimi, Bonifasi, ndiye ninayekataa."

Unajua Mwanakheri alifanya nini? Alitabasamu. Uso mzima. Dokta Bonifasi akashtuka, akajiangalia kama suruali iko sawa.

"Unacheka nini?"

"Sicheki, bosi. Asante." Akavuta kiti, akakaa, akasogea karibu na meza. Hii ilikuwa hapana yenye mtu, yenye sababu, tena sababu nzuri. Hapana kama hii unaweza kuongea nayo. "Hao watano wote ni wa kulala, au kuna wa kukaa?"

Dokta Bonifasi naye akavuta kiti chake.

"Wanne wa kukaa," alisema. "Lakini usianze."

"Na lile gari letu lililo juu ya mawe, bosi. Linakosa nini hasa?"